Mfuko wa Pili wa Damu

Waliokuwepo siku ile ni hawa: kitindamimba wetu, msichana wa darasa la tatu, amelala kitandani macho yamekuwa manjano, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, bado amevaa sare kwa sababu nilimtoa darasani, mama mwenye nyumba tuliyopanga kule Mtopanga, kijana wa bodaboda anayeegesha pikipiki mbele ya karai langu la viazi na kunizibia wateja, dada wa maabara, na mimi. Wazazi hawakuwepo. Walifariki mmoja baada ya mwengine, na tangu hapo mkubwa wa nyumba ni mimi.

Kitindamimba ana sikoseli. Alikuwa amenyeshewa akitoka shule, na kulipokucha mifupa ikaanza kumuuma. Kijana wa bodaboda ndiye aliyetukimbiza hospitali. Wakapima, wakasema damu imeshuka mno, asipoongezwa tutampoteza. Mifuko miwili ikatolewa kwenye friji ya damu.

"Sasa friji iko karibu tupu," dada wa maabara akaniambia. "Si lazima, lakini mkiweza kurudisha miwili, atakayekuja nyuma yenu naye atapata."

Nikanyoosha mkono hapo hapo. Akanichoma kidole, akasoma kile kimashine chake.

"Wewe huna damu ya kutoa. Bado kidogo nikulaze kando yake."

Sikuweza kukaa. Nikaenda mlangoni, nikarudi, nikatazama tone likishuka kwenye mpira, nikaenda tena.

"Mwanangu, keti kitako," mama mwenye nyumba akasema. "Watutia kizunguzungu, wallahi."

Nikamfuata dada wa maabara, nikamwuliza kwa nini damu yetu inafanya hivi. Mimi shule niliiacha tulipokuwa ndiyo kwanza tunaanza seli. Akachora kwenye boksi la glavu. Ndani ya kila chembe nyekundu, alisema, mna protini inayobeba hewa. Ya kitindamimba wetu ina kosa dogo sana, kwenye molekuli. Hewa ikipungua, molekuli zile zinashikana, na chembe iliyokuwa ya mviringo inapinda kama mundu. Zilizopinda zinakwama kwenye mshipa. Mshipa ukiziba, mfupa unauma, bandama inavimba, na chembe zenyewe hazidumu, zinavunjika, damu inapungua.

Yeye aliishia hapo. Kichwa changu kikaendelea. Mtoto akiumwa, sikaangi viazi. Nisipokaanga, mdogo wangu wa kiume hali, na asipokula anaanza kuzungumza habari za kuacha shule akatafute kibarua. Kitu kisichoonekana kwa macho kilikuwa kinavuta nyumba nzima.

"Kimetoka wapi?"

"Kwa wazazi wenu. Baba alikuwa na nusu, mama nusu. Mwenye nusu kwa kawaida haumwi, hata hajijui."

"Na mbona huku kwetu ni wengi?"

"Mbu," akasema. "Mwenye nusu, malaria haimwui kwa urahisi. Palipokuwa na mbu wengi, hao ndio waliokua wakazaa."

Nikamkumbuka nyanya, mzaa baba, kule mashambani Kaloleni, na watoto aliowazika kwa homa. Baba alibaki. Labda hicho hicho kilichombakisha ndicho kilichokuwa kinamtafuna bintiye mbele yangu, na hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Nitamkasirikia nani, mbu?

Mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kukunja mkono wa buibui. "Nitoeni mimi. Ila damu yangu ikifika huko, msishangae mtoto akianza kudai kodi."

Mdogo wangu wa kiume akacheka, mara ya kwanza siku ile. Lakini presha ya mama mwenye nyumba ilikuwa juu, wakamkatalia. Akanung'unika kwamba presha hiyo ameipata kwetu sisi wapangaji.

Mdogo wangu wa kiume hajafikisha umri wa kutoa damu. Akabaki kijana wa bodaboda, ambaye wiki hiyo hiyo nilikuwa nimetishia kummwagia mafuta. Alipomwona mwenye sindano aligeuza uso ukutani.

"Siz, hii damu ni ya bara. Akiamka akitaka ugali asubuhi, usiniite."

"Nyamaza, utolewe."

Alipomaliza, akinywa soda, akaniambia, "Na pale kwa karai sasa nimepata parking ya milele."

Pikipiki iko pale mpaka leo.

Kitindamimba alifungua macho jioni, akaomba maji. Siku chache baadaye tulirudi nyumbani. Mfuko mmoja ulikuwa umerudishwa. Wa pili nilisema ni wangu, na hakuna aliyenilazimisha kusema hivyo. Nimekula mchicha, nimekula maini kila nilipoyapata, nimemeza vidonge walivyonipa. Aliyejaza mfuko ule aliowekewa kitindamimba simjui, wala sijui anakaa upande gani wa Mombasa. Mwezi huu nimekwenda tena. Dada wa maabara akanichoma kidole, akasoma, akatikisa kichwa.

"Bado," akasema. "Urudi."

Nitarudi.