Bibi Aliyeishia Kwenye Ukuta wa Yeriko

Bibi yangu alikuwa dobi. Kila Jumapili mchana, nguo za wateja zikiwa zimekunjwa mezani, alitusomea wajukuu habari za Yeriko. Mpaka leo nikisikia harufu ya shuka iliyotoka kwenye pasi namkumbuka, na natamani angalau mchana mmoja tu wa siku zile. Alisoma kwa sauti ya kuamrisha: watu wanauzunguka mji kimya, tarumbeta zinalia, ukuta huo chini. Hapo hapo alifunga Biblia. Somo lilikuwa lile lile, kwamba Mungu hana mchezo na mji wenye kiburi haukawii kuanguka.

Kiburi yeye mwenyewe alikuwa nacho tele. Mama mdogo, kitinda mimba wake, alipoanza kuhudumu baa, Bibi alimtolea sanduku nje kwa mikono yake, na tangu hapo jina lake halikutajwa mle ndani. Mama yangu alimtembelea kwa siri, na aliponichukua niliambiwa nifunge mdomo.

Kisha macho ya Bibi yakaingia ukungu, akanipa mimi kazi ya kusoma. Hakuniambia pa kuishia. Nilikuwa najisikia kwa kusoma kwangu, kwa hiyo ukuta ulipoanguka nikachapa mwendo: Rahabu, yule kahaba aliyewaficha wapelelezi, akatolewa mjini akiwa hai, pamoja na baba yake, mama yake na ndugu zake.

Bibi akaniambia nirudie pale pa mama. Nikarudia. Nikadhani nimemuudhi.

"Hapo nimekuwa naparuka makusudi," akasema. "Mama yule alipona kwa kuingia nyumbani kwa binti yake. Nipe viatu. Na usinidanganye, anapokaa unapajua."

Nilimshika mkono hadi chumba cha nyuma ya soko. Niliogopa sana. Mama mdogo angeweza kutufungia mlango, na haki angekuwa nayo. Alifungua, akaganda pale pale. Bibi, ambaye wateja wakorofi walimnyamazia, aliongea kwa sauti ndogo.

"Mwanangu, nimekuja kuuliza kama kwako kuna nafasi."

Mama mdogo alimtazama mpaka mimi nikaanza kulia. Kisha akamshika kiwiko, maana kizingiti kilikuwa juu na Bibi hakukiona.

"Inua mguu, mama," akasema.