Upande wa Pili wa Shuka

Sinema ilipoletwa kijijini kwetu Gando mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na miwili, na buibui jipya lililonikwaza kila hatua. Rafiki yangu mkubwa alikuwa mtoto wa jirani, mwanamume, rika langu. Tulikwea mipera pamoja, tukachapwa pamoja, na mmoja akionekana peke yake watu humuuliza kama mwenziwe mgonjwa.

Tulisikia kwamba picha yenyewe ina maiti anayetembea. Sote wawili tulikuwa waoga wa kupindukia, basi tukaahidiana: maiti akitokea tu, tunashikana mikono.

Baada ya Isha tukaenda uwanjani. Shuka nyeupe ilikuwa imetundikwa baina ya minazi miwili, wanaume wamekaa mbele yake, wanawake nyuma yake. Mimi nikajipenyeza mbele kama desturi yangu. Mama akanivuta buibui.

"Wee, mkubwa sasa. Njoo huku kwetu!"

Basi nikaitazama sinema kwa nyuma ya shuka, kulia kukawa kushoto. Kila mtu katika picha alikuwa akila kwa mkono wa kushoto, na bibi mmoja ubavuni mwangu hakuacha kuwalaani kwa utovu wao wa adabu. Karani aliyekuja na mashine ya sinema alitufasiria kwa kupaza sauti: watoto wawili wameapa hawataachana, mmoja kafa maji, mwenziwe kakua, kaoa, kasahau. Sasa marehemu anatoka kaburini kumfuata.

Maiti alipoinua kichwa, uwanja mzima ulipiga kelele. Wanaume wazima walitimua mbio wakaacha makubazi yao. Rafiki yangu naye alikimbia, ila yeye alikimbilia kwetu. Akapita chini ya shuka, akanitafuta, akanishika mkono.

Wanawake wakamsahau maiti.

"Mwanamme huyo! Watakani huku?"

Makofi yakamshukia mgongoni. Hakuniachia. Alikuwa akinitazama, akingoja niseme neno.

Ningesema tu kwamba kanijia mimi, mama angecheka yakaisha, maana alimlea kama mwanawe. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, nami nilitaka mno kuonekana mkubwa. Nikauchomoa mkono wangu.

"Enda zako," nikamwambia. "Huku kwa wanawake."

Akaenda. Yule bibi akanipigapiga begani, akamwambia mama, "Mtoto ana haya huyu." Naona aibu kuliandika hili, lakini nilifurahi.