Nambari Inayoishia na 47

Nambari inayoishia na 47 ilikuwa ya nani? Swali hilo liliniibia usingizi siku tatu mfululizo, mimi mwenye shahada, simu mpya, na paji la uso lililoanza kujikunja kama la mstaafu.

Simu yangu ya zamani ilifia ndani ya beseni la nguo siku ya Jumatatu, ikiwa imelala pamoja na soksi. Jumanne asubuhi mama, ambaye huuza mitumba soko la mtaa wetu wa Jericho, akaniletea mpya ndani ya boksi. Nikachomeka laini yangu, nikaiwasha. "Karibu," ikasema, kisha ikataka nichague lugha. Nilikaa kwenye swali hilo robo saa. Nikichagua Kiingereza nitaonekana ninajidai. Nikichagua Kiswahili nitaonekana ninajidai kwamba sijidai. Kuonekana na nani, sijui. Chumbani tulikuwa mimi na ndoo.

Nikachagua Kiswahili. Nikaweka anwani yangu ya barua pepe, nikaweka nywila, ambayo tangu zamani ni jina la shule yangu ya msingi likifuatwa na moja, mbili, tatu. Nywila ikakubaliwa. Kisha skrini ikaandika: "Thibitisha kuwa ni wewe. Tumetuma msimbo kwa nambari inayoishia na 47."

Nambari yangu haiishii na 47. Wala ya mama. Nikadhani simu imekosea, nikajaribu tena. Nilijaribu mara sita, nikiamini kama wahitimu wote kwamba kosa likirudiwa kwa bidii hugeuka kuwa utafiti. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na neno "Ruka". Nikaruka.

Saa nane mchana simu ikalia. Mwanamke mwenye sauti ya ofisi akaniambia wamesoma ombi langu la kazi na wanataka kunihoji. "Tumekutumia barua pepe. Utaona kiungo, uchague siku. Usipochagua kufikia Ijumaa saa sita mchana, nafasi tunampa mwingine." Nikasema, "Asante sana, nitaiangalia sasa hivi." Sikumwambia kwamba siwezi kuifungua. Ningemwambia nini? Kwamba mtu anayetaka kuajiriwa kwenye maabara ya kupima mbolea, ile inayotengenezwa kutokana na taka za jalala la Dandora, hawezi kuthibitisha kuwa ni yeye? Nilipopata ujasiri wa kumpigia, mteja wa nambari niliyopiga hakupatikana. Nilipiga hadi Jumatano jioni. Aliendelea kutopatikana.

Mtu mwenye akili angetafuta mwenye 47. Mimi niliipamba simu.

Niliipamba kama bibi harusi asiye na bwana. Bila akaunti haikuweza kupakua chochote, kwa hiyo nilipanga kile kilichokuwepo. Nilibadilisha picha ya ukutani mara tisa, nikarudi kwenye ya kwanza. Nilipanua maandishi, nikayapunguza, nikayapanua kidogo. Nilisajili alama ya kidole gumba cha kulia, kisha nikawaza: je, nikikatwa mkono huo? Nikasajili na cha kushoto. Nilitengeneza folda nikaiita "Kazi", nikaweka ndani saa na kikokotoo, kwa kuwa hakuna kingine nilichokuwa nacho chenye uhusiano na kazi. Nikaanza kuchagua mlio. Nyumba zetu za zamani za Jericho zina kuta nyembamba, na nilipofika mlio wa ishirini na kitu, jirani akagonga ukuta.

"Weka ule wa nane!" akapiga kelele. "Ule wa nane ulikuwa sawa! Tuache tulale mchana!"

Nikaweka wa nane.

Alhamisi jioni mama alinikuta nikiwa katikati ya kuamua kama aikoni ziwe za mviringo au za mraba. Akaweka mzigo wake wa mitumba chini.

"Wewe unapanga vikombe kabatini na maji hujachemsha," akasema. "Ile barua ya kazi umeisoma?"

Ikabidi nimwambie kuhusu 47. Nilikuwa nimeficha siku mbili, kwa sababu kwangu kuuliza ni kama kukiri. Mama hakuwaza hata sekunde moja.

"Si ni yule kijana wa saiba?"

Nikaiweka simu chini, aikoni zikabaki nusu mviringo.

Nilipomaliza kidato cha nne, hakuna mtu nyumbani aliyekuwa na barua pepe. Mama alinipeleka saiba moja, duka la kompyuta za kukodi, nyuma ya soko, na kijana wa pale ndiye aliyenifungulia akaunti. Mimi sikuwa na laini, simu ya mama ilikuwa imeisha chaji, basi akaweka nambari yake mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa nusu ya mtaa. Watu walizaliwa hospitali, wakabatizwa kanisani, wakaingia mtandaoni kupitia kwake. Lakini mimi nilikuwa na sababu nyingine ya kumkumbuka. Kijana huyohuyo ndiye aliyenijazia fomu ya chuo kikuu, na ndiye aliyenichagulia Sayansi ya Udongo. Mimi nilitaka Uanahabari. Miaka minne nilisoma udongo nikiwa nimezaliwa mahali ambapo udongo huuona kwenye viatu tu, mvua ikinyesha. Na miaka hiyo minne nilikuwa nikitunga hotuba ya kumwambia siku nitakayokutana naye. Ilikuwa hotuba nzuri. Ilikuwa na utangulizi.

"Alihamia Komarock," mama akaongeza. "Ana kibanda cha kava za simu na protekta za kioo, kando ya barabara ya Kangundo. Nenda, na umsalimie."

Usiku huo nililala nikipima. Nikimtukana kabla ya kupata msimbo, atakataa kunipa. Nikimtukana baada, nitakuwa nimekula kwa mtu kisha nikatemea sahani. Nisipomtukana kabisa, hotuba nitaipeleka wapi? Nilifika Komarock Ijumaa saa tano na dakika tano asubuhi bila kuamua.

Alikuwa amenenepa. Kibanda chake kilining'iniza kava za kila rangi, na yeye alikuwa ameinama juu ya simu ya mtu, akifuta kioo kwa kitambaa kwa upole wa mama anayemfuta mtoto makamasi. Akainua macho.

"Ah! Ngoja Kwanza!" akacheka. "Niaje, Ngoja Kwanza? Ni wewe ulikuwa unanitumia zile namba sita Jumanne! Mara sita! Nikasema huyu ni mtu wa Jericho amenunua simu, atakuja tu."

"Unapata za watu wote?"

"Wote. Mtu akinunua simu, mimi najua kabla ya bwana yake. Juzi mama mmoja wa kwaya amebadilisha mbili kwa wiki. Sijauliza. Kazi yangu ni kutuma."

Hapo ndipo nilipopaswa kutabasamu na kuomba msimbo. Badala yake mdomo wangu ukafungua hotuba, tena bila utangulizi.

"Ulinichagulia udongo," nikasema. "Mimi nilitaka Uanahabari, wewe ukaniwekea udongo, kwa sababu ukurasa ulikuwa unachelewa kufunguka."

Akaweka kitambaa chini. Mwenye simu iliyokuwa ikifutwa akavuta kiti karibu, apate kusikia vizuri.

"Nani amekwambia ukurasa ulichelewa?"

"Ninakumbuka."

"Unakumbuka vibaya, msomi. Ulikaa kwa ile mashine dakika arobaini. Nikikuuliza, 'Uanahabari?' unasema 'ngoja kwanza'. 'Uuguzi?' 'Ngoja kwanza.' 'Ualimu?' 'Ngoja kwanza, nimuulize mama.' Mathe yako ako nje anasema uamue mwenyewe. Watu wamepanga laini hadi kwa muuza mboga. Mwisho ukaniambia, 'Weka tu yoyote.' Nikabofya iliyokuwa juu."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema. Tena ulifunga macho."

Nilitaka kubisha, ila jambo la kufunga macho lilinimaliza. Ninafunga macho. Hata kwenye sindano, hata kwenye matokeo, hata nilipobofya "Kubali" kwenye masharti ya simu hii. Hotuba ya miaka minne ikaniishia kifuani kama soda iliyoachwa wazi.

"Ni saa ngapi?" nikauliza.

"Tano na ishirini."

Nikamweleza habari ya kazi na saa sita. Mwenye simu akasema, "Buda, wacha yangu, fungulia huyu kwanza." Nikaweka anwani, nikaweka nywila, na simu yake ikatoa mlio juu ya meza. Akanisomea namba moja moja, polepole, kama anayeita matokeo ya bahati nasibu. Akaunti ikafunguka. Kabla ya kuniruhusu kuendelea, simu ikauliza: "Je, bado unatumia nambari inayoishia na 47?"

Nikamgeuzia skrini.

"Weka yako," akasema. "Mimi nimechoka kuwa mzazi wenu."

Nikaandika yangu, nikaisoma mara tatu. Msimbo mpya ukaja kwenye simu yangu mwenyewe, kwa mlio wa nane. Kisha barua zikaanza kushuka, na kati ya matangazo yote ikawapo ile ya maabara, imekaa hapo tangu Jumanne. Nikafungua kiungo. Vikatokea vitufe viwili: Jumanne saa tatu asubuhi, Alhamisi saa nane mchana.

Nikaanza kupima. Jumanne ningekuwa wa mapema, wangeona nina bidii, lakini ningekuwa na siku chache za kurudia mambo ya asidi ya udongo. Alhamisi ningejiandaa, lakini saa nane watu wameshiba, wana usingizi, wanakuchukia. Na je, kama Jumanne ndiyo wamewaweka wale wanaowataka, na Alhamisi mabaki?

"Ngoja kwanza," nikasema.

Mwenye simu akaangua kicheko hadi kava zikatikisika. Yule wa saiba hakucheka. Alinyoosha kidole gumba chake juu ya meza, kidole kilekile, kikiwa na gundi ya protekta kwenye ukucha, kikasimama sentimita chache juu ya skrini yangu.

"Nikubofyee?" akauliza. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anauliza kweli, kama fundi wa nguo anavyouliza kama akupime.

Saa ilikuwa tano na thelathini na nane. Nikavuta simu kifuani pangu, nikaigeuza, na nikabofya Jumanne. Macho yalikuwa wazi, ingawa la kushoto lilitoa chozi kidogo. Skrini ikaandika "Asante, tumepokea", na mimi nikampa simu aiwekee protekta.