Sauti Imekufa

Émilienne, mke wa Anatole wa video, alikuwa na mdomo. Mji mzima wa Baraka ulijua hivyo, na yeye mwenyewe hakuona haya kukiri. Alikaanga mikate mbele ya nyumba yake nyuma ya soko, na huku anageuza mikate anazungumza na mteja, na jirani, na kuku wa jirani, na kama hayupo yeyote basi anazungumza na mafuta kwenye kikaango. Mtu wa namna hiyo, umwambie kuna siku atalilia neno moja tu kutoka kinywani mwa mtoto wa miaka minne, angekucheka mpaka mikate iungue.

Kabla ya vita, mumewe alikuwa na televisheni, kaseti chache na jenereta ya kukohoakohoa. Jioni wanaume walilipa kuona watu wakipigana ngumi kwenye kioo, na Jumamosi mchana ilikuwa zamu ya watoto, wanaonyeshwa katuni. Televisheni yenyewe ilikuwa kuukuu, tena ya visa. Mara picha ingeganda, mnyama akabaki mguu juu. Mara picha ingeendelea vizuri lakini sauti ikapotea kabisa, wanyama wakawa wanapanua midomo bure. Hapo Anatole angenyanyuka polepole, akaipiga kofi la kichwa, paa, na sauti ikarudi. Watoto walishangilia kofi lile kuliko katuni zenyewe.

Vita ya kwanza ilipokuja, watu wenye bunduki waliondoka na televisheni wameibeba juu ya godoro. Émilienne alilia kwa ajili ya godoro. Kuhusu televisheni alisema waende nayo tu, wasipojua kuipiga kofi haitawaambia kitu.

Wanawe hawakuelewa mambo hayo. Willy alikuwa na miaka mitano na Vanessa mitatu, na kila Jumamosi walikuja kusimama mbele ya kikaango chake.

"Mama, utuwekee desini anime," walisema, yaani katuni.

"Nitaitoa wapi, mu tumbo yangu?"

Wakalia. Wakalia Jumamosi hii, wakalia na ile iliyofuata, hadi mama akachoka. Akaokota boksi kubwa sokoni, akalikata dirisha mbele, akabandika vizibo viwili vya chupa kuwa vitufe, akawaambia: haya, televisheni hiyo hapo, katuni ni nyinyi wenyewe, ingieni. Akawachora ndevu za paka mashavuni kwa makaa, akawafunga mikia ya vitambaa vya kitenge kilichochakaa. Akawafundisha kunyata kwa ncha za vidole. Akawafundisha kuangukiwa na jiwe lisiloonekana na kulala juu ya mkeka wamekuwa bapa kama jani, kisha yeye anakuja na pompi ya baiskeli na kuwajaza upepo, kidole kimoja, mkono, tumbo, mpaka wanasimama wima wakicheka. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona televisheni isiyo na visa, visa navyo viliingia mchezoni. Émilienne akiligonga boksi na kusema "Picha imekufa!", kila mtoto anaganda alivyo. Akisema "Sauti imekufa!", wanaendelea kucheza, kukimbia, hata kula, lakini bila sauti, midomo inapanuka tu. Na sauti hairudi mpaka Émilienne alipige boksi kofi la kichwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na watoto wadogo kwenye sheria za mchezo ni wakali kuliko jaji.

Majirani walianza kumwachia watoto wao wakienda shambani. Mmoja wao alikuwa Georgette, mchuuzi wa ndagala, mwanamke mkimya aliyevuka ziwa na samaki wakavu na kurudi na sabuni. Siku aliyomleta binti yake Divine alisimama mlangoni na mzigo kichwani.

"Mama Willy, nakuachia mutoto. Niko ninaenda Kigoma, sitakawia." Kisha akainama kwa mwanawe. "We Divine, kila kitu Mama Willy atasema, ufanye. Usinipatishe haya kwa nyumba ya watu."

Divine alitikisa kichwa kwamba amesikia. Alikuwa mtoto wa kuimbaimba na kuuliza maswali, lakini kwenye kutii alimshinda kila mtu. Alipoambiwa picha imekufa aliganda hata inzi akimtambaa puani. Willy hakumpenda kwa sababu hiyo.

Georgette hakurudi upesi, maana ikaja vita ya pili. Nani alikuwa akipigana na nani? Usimuulize Émilienne. Juma hili waliambiwa hawa ndio wakombozi, juma lililofuata wakaambiwa wakombozi ni wale, na wote waliopita waliuliza kitu kilekile: chumvi iko wapi, na wanaume wako wapi. Anatole alikuwa amekwenda Misisi kwenye mashimo ya dhahabu, na kama ni mzima au la, hakuna aliyemletea mkewe habari. Ziwa nalo lilifungwa, mitumbwi haivuki. Émilienne alikuwa na watoto watatu, mmoja si wake, na hakujua ashike lipi aache lipi.

Asubuhi moja risasi zililia upande wa soko. Alitupa nguo na unga ndani ya boksi la televisheni, akalitia kichwani, Vanessa mgongoni, Willy mkono huu, Divine mkono huu, wakakimbia pamoja na watu wengine kuelekea Lweba. Njiani watu wakatawanyika. Yeye aliingia na watoto kwenye shamba la muhogo, wakalala kati ya matuta, na hapo hapo akasikia viatu vinakuja barabarani.

Vanessa alikuwa ameanza kuguna. Émilienne aliligonga boksi kwa kidole, polepole, akanong'ona, "Sauti imekufa."

Na watoto wote watatu wakanyamaza. Viatu vilipita, vikasimama, mtu akacheka, mtu akakojoa kando ya shamba, na watoto wakawa wanatazama juu kwenye majani ya muhogo wakipanua midomo kama samaki. Émilienne hajawahi kumpenda mtu yeyote duniani kama alivyowapenda watoto wale watatu kwa wakati ule. Viatu vikaondoka. Akawakokota wakakimbia tena upande wa milimani, mvua ikawakuta huko, na walipofika kwenye kibanda cha mkulima aliyekimbia, Émilienne alikuwa hajui hata jina lake mwenyewe.

Kesho yake kuni zote zilikuwa mbichi, boksi tu ndilo lilikuwa limekauka. Alilitoboa boksi, akalichanachana, akawashia moto wa kuchemshia muhogo. Vanessa alilia njaa kwa sauti kubwa na Willy akalalamika muhogo haujaiva. Divine alikaa anatazama vizibo viwili vikiwa vyeusi ndani ya moto, na hakusema kitu.

Hakusema kitu siku iliyofuata, wala iliyofuata baada ya hiyo. Mwanzoni Émilienne alidhani ni uchovu. Hali ilipotulia wakarudi Baraka, akakuta nyumba ina mlango bado, akafurahi, akaanza tena mikate kwa mafuta ya kukopeshwa. Divine alikula, alicheza, alichota maji na wenzake. Mdomo ulipanuka na kujifunga. Sauti haikutoka.

Émilienne alishika kichwa. Mtoto wa mwenzio ni amana, na amana hii alipewa ikiwa inaimba. Georgette akirudi atamwambia nini? Kwamba nyumba ipo, mtoto yupo, ila sauti yake haijulikani iliko? Alimbembeleza kwa mkate wenye sukari. Alimfinya, Mungu amsamehe, akamfinya mkono apige kelele, na mtoto alitokwa na machozi bila mlio, huku akimkazia macho. Hayo macho ndiyo yaliyomchanganya kupita yote. Kila mara Divine alimtazama yeye, usoni, halafu mikononi, kama anayedai kitu. Émilienne aliona ni lawama, akawa anageuka pembeni.

Siku moja Willy alimwambia, "Mama, Divine haiko mugonjwa. Iko anacheza tu."

"Funga mudomo! Mwenzako iko na shida, we unamuchekelea?" Na vidole vikamfinya Willy sikio.

Alimbeba mtoto mpaka Nundu kwa muuguzi mmoja aitwaye Eugène, mtu wa ukoo wa Anatole. Eugène alimulika koo, akapiga makofi nyuma ya masikio ya mtoto, mtoto akageuka mara moja, macho yakimng'aa, akamtazama Émilienne. Kisha akainamisha tena uso.

"Ulimi iko muzima, koo iko muzima, na masikio vilevile. Mi sione ugonjwa, mama. Labda ni woga. Umupe wakati."

Wakati! Kana kwamba ni unga, unakwenda kuazima kwa jirani. Mama Marthe wa kikundi cha maombi alisema ni pepo bubu, akina mama wakamzunguka mtoto wakaimba na kupaza sauti hadi zao wenyewe zikakauka. Bibi mmoja jirani alishauri apigwe mdomoni kwa mwiko wa ugali, mara moja tu, alfajiri. Émilienne alikubali maombi, akaukataa mwiko, kisha akaanza kujiuliza kama alikosea kuukataa. Hakuwa na hakika ya kitu chochote tena. Hata yeye alianza kunyamaza mbele ya kikaango, na wateja wakaulizana kama Anatole amefariki.

Halafu mtumbwi ukavuka. Habari ilifika sokoni kabla ya wasafiri kukauka miguu: Georgette amerudi, anapanda njia, yu mzima. Émilienne alimvisha Divine gauni safi, akamsimamisha mlangoni.

Georgette alikuja na boksi la sabuni kichwani. Alilitua chini, akapiga magoti vumbini, akafungua mikono.

"Divine! Mama yangu mudogo! Uniite!"

Mtoto alimkimbilia, akamkumbatia shingo, akalia machozi tele. Mdomo ulipanuka. Kimya. Georgette alimsogeza amwone uso, akamtikisa kidogo, akamwita tena. Divine akageuza shingo kumtazama Émilienne, usoni, halafu mikononi.

"Mama Willy," Georgette alisema taratibu, "nilikuachia mutoto mwenye kusema. Huyu ni nani unanirudishia?"

Émilienne, yule mwenye mdomo, alisimama analia tu mbele ya mwenzake, na majirani wameanza kukusanyika.

Vanessa alikuwa amechuchumaa kando, anachomeka kidole kwenye tundu la boksi la sabuni. Alichoka na vilio vya watu wazima. "Mama, umurudishie sauti," alisema. "Televizyo hii hapa."

Ndipo Émilienne alipoona. Aliona shamba la muhogo, na kidole chake kikiligonga boksi, na moto wa asubuhi, na vizibo vikiungua. Aliona kwamba katika kukimbia kote kule hakuwahi kusema mchezo umekwisha. Wanawe walisahau sheria wakadai chakula, watoto wa nyumbani ndivyo walivyo. Lakini huyu alikuwa mgeni katika nyumba ya watu, na mama yake mzazi alimwachia agizo. Halafu akaona televisheni inachomwa moto, na mwenye kuichoma ndiye peke yake aliyeweza kurudisha sauti. Angefanya nini, ila kungoja? Na Willy alisema, na alifinywa sikio kwa kusema.

Alisogea kwenye boksi la sabuni. Akainua mkono, akalipiga kofi la kichwa, paa, hata majirani wakashtuka.

"Sauti imerudi!"

Divine alivuta pumzi ndefu. Alimtazama Émilienne kuhakikisha. Kisha sauti ikatoka, ndogo, yenye kutu, ikiuliza habari za wale wenye viatu, swali ambalo bila shaka lilikuwa limekaa pale tangu siku ya shamba la muhogo.

"Bale bantu bameisha kuenda?"

Georgette alimtazama Émilienne. Émilienne alitazama njia ya sokoni, ambako kulikuwa na mbuzi na vumbi na baiskeli moja, na kwa mbali watu kadhaa waliokuja kwa miguu, ambao hakuweza kuwatambua.

"Bameenda, mama," alisema. Mkono wake haukutoka juu ya boksi.