Nasirumbi Avuka Daraja la Malaba

Mama yangu, Murugi, alizaliwa karibu na Mweiga, upande wa Nyeri, na kwao hakuna msichana aliyewahi kuolewa na Mbukusu wa Bungoma kabla yake. Baba, Mwalimu Nehemiah Wasike, alikuwa akifundisha mjini Nyeri. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, shule yake ilifungwa, akapata kazi Tororo, ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda. Akatangulia. Mama alibaki nyuma, maana Mkikuyu hakutoka wilayani bila pasi, na yeye aliomba mara tatu akanyimwa.

Mwaka wa 1954 nyanya yangu Nasirumbi, mamake baba, alisikia kwamba mwanawe ana homa kali huko Tororo, na hana mtu wa kumpikia hata uji. Nyanya hakuwa ameipenda ndoa ile. Hata harusini hakuja. Lakini alipanda gari la moshi, halafu lori, akafika Nyeri na mwavuli na kuku mmoja.

"Nimekuja kuchukua watu wangu," alimwambia karani wa D.O., afisa wa wilaya.

"Watu gani, mama?"

"Bibi ya kijana yangu, na huyu mtoto."

Mtoto ndiye mimi, wa miezi saba. Nyanya alikaa kwenye benchi la ofisi siku nne. Siku ya tano karani alitoka na pasi. Ilisema Bungoma, basi. Uganda haikutajwa.

Kutoka Bungoma walikwenda kwa miguu, kwa sababu kwenye gari la moshi askari walikagua pasi ya kila mtu. Mama alibeba kiondo cha viazi mgongoni, mkanda ukipita kwenye paji la uso, kama wanawake wa kwao. Walipokaribia Malaba, mpakani, nyanya akasimama.

"Hivyo watakujua mara moja. Huku tunabeba na kichwa."

Mama akajaribu. Kiondo kikaanguka, viazi vikatawanyika njiani. Akajaribu tena, vikatawanyika tena. Nyanya alicheka mpaka akakaa chini, na mama, ambaye hakuwa amecheka miezi mingi, akacheka naye.

Nyanya mwenyewe hangeweza kujitwika. Lori la Nyeri lilikuwa limemuumiza shingo. Kwa hiyo alinifunga mgongoni mwa mama, akamvisha leso yake mpaka kwenye nyusi ili kuficha alama ya mkanda, kisha akavaa ule mkanda yeye.

Darajani palikuwa na askari mmoja, Munyao, Mkamba.

"Mama, wewe ni Mbukusu. Mbona unabeba hivi?"

"Shingo inauma. Na wewe kijana mzima umesimama tu unaniangalia?"

Munyao akaona aibu. "Mama yangu pia hubeba hivyo," alisema, akapokea kiondo. Ndipo akamtazama mama. "Na huyu?"

"Mtoto yangu," nyanya akajibu.

Mama alisema "Mulembe," neno la salamu la Kibukusu alilofundishwa njiani.

Munyao aliwavusha na mzigo wao. Upande wa pili aliuweka chini, akamwambia mama polepole, kwa Kikamba, aende salama na mtoto asipate baridi. Kikamba na Kikuyu ni ndugu. Mama alielewa kila neno, akaitikia kwa kichwa kabla hajajizuia. Askari yule akageuka, akarudi darajani bila kuuliza kitu.

Baba walimkuta amekonda, lakini yu hai. Nyanya alikaa nao Tororo mwezi mzima, akigombana na mama juu ya chumvi ya mboga. Siku ya kuondoka, mama alimsindikiza mbali sana, hata nyanya akalazimika kumfukuza arudi nyumbani.

Tulirejea Nyeri mwaka wa 1960. Mpaka leo mama akisema "mama yangu," lazima umuulize ni yupi, wa Mweiga au wa Bungoma.