Matofali Chini ya Kitanda

Juzi nilimkuta mdogo wangu Bhoke amelala na mimba yake kwake Bunda, kitanda kimeinuliwa kwa matofali upande wa miguuni. Nikakumbuka alasiri moja kwetu Kitaji, nyumba inanukia dagaa, mama ana mimba ya huyo huyo Bhoke. Daktari alimkataza kuinuka, mimba isije ikatoka. Nilipoona kitanda chake nacho kimewekewa matofali, kimeinamia kichwani, niliamini mtoto atateleza atokee mdomoni. Nikakaa kando ya mto, nimekinga kanga nimdake.

Shangazi akaleta umbea, mama akaangua kicheko.

"Mama, funga mdomo! Atatoka!"

Akazidi kucheka mpaka kitanda kikalia.

Sasa nimeshazaa, njia naijua. Lakini juzi Bhoke alipocheka, nilishtukia nimeshakinga kanga.