Mbegu Zilizoshushwa Uchagani

Mwanamume anaingia jikoni kutafuta nini? Mama aliniuliza hivyo kwa Kihaya, kwa sauti ya chini. Nilikuwa na miaka tisa, tukikaa Ijuganyondo, na jiko letu lilinuka moshi, maganda mabichi ya ndizi na majivu yaliyoloa. Baba, karani wa chama cha ushirika wa kahawa mjini Bukoba, hakuwa amewahi kuvuka kizingiti kile. Wiki ile alikuwa ametoka kwenye semina ya kupanga kazi na kupunguza gharama. Akaingia na rula mfukoni, akaanza kuhesabu hatua za Mama kutoka mafigani hadi kwenye mtungi.

"Mama Koku, kwa hatua hizi kila mwezi unafika Kyaka na kurudi."

"Na nikifika Kyaka, nani atakupikia?"

Baba alicheka, akaendelea. Mtungi ulisogezwa, kuni zikapangwa kwa urefu, na kusema kweli Mama alianza kumaliza kupika mapema. Hilo ndilo lililonivuruga: Baba alikuwa sahihi. Kisha akashusha kutoka uchagani, juu ya moto, mafurushi ya maganda makavu ya migomba, meusi kwa masizi, yenye mbegu zetu za maharage. "Uchafu huu!" Akazimimina katika makopo ya samli aliyonunua kwa Mhindi, akakaza vifuniko. "Akiba haiozi," alisema. Mimi niliyejua kusoma niliandika MBEGU kwenye kila kopo, kwa fahari. Mama alitazama tu.

Mvua zilipokaribia tulifungua makopo, ukatoka uvundo. Mbegu zilikuwa zimeota ukungu, na zisizoota zilikuwa zimebunguliwa. Bila kupanda, msimu mzima tungekula ndizi tupu. Baba, aliyesoma kuliko majirani wote, alikaa na kopo mapajani. "Lakini yalikuwa safi," alisema. Mama akapanda basi kwenda Buganguzi kwa mdogo wake, akarudi kesho yake na kikapu cha mbegu. "Nimeomba," alisema. Tulipanda mvua ikitunyeshea. Nilimwuliza kwa nini penye masizi palitunza na pasafi paliua. "Koku, maswali yako hayashibishi. Fukia."

Sasa nimetoka chuo kikuu, nafanya kazi katika ofisi ya wilaya. Tunachora vijiji kwa mistari iliyonyooka, nyumba kando ya barabara, ili huduma ziwe karibu na gharama zipungue. Hoja zinaniingia akilini, kama zilivyoniingia zile za mtungi, na ndiyo maana sijui nisimame wapi. Wenzangu wanasema nauliza mno. Huenda. Mama hayupo tena nimwulize. Lakini mwaka jana mama mdogo aliniambia kwamba hakumpa Mama mbegu yoyote. Zile za kikapuni zilikuwa zetu. Mama alimkabidhi azitunze alipokuja kutusalimu, kabla makopo hayajajazwa, na Baba alikufa akimshukuru shemeji yake.